Kuwasha na Kupasha: Historia ya Plagi Moja na Jina Lake

Utangulizi

Mara kwa mara wafasiri wa vitabu vya ufundi hutuuliza neno lifaalo kwa kifaa kidogo kilichomo katika injini za motokaa za dizeli, ambacho dereva hukingoja kitende kazi yake kabla ya kupiga stata. Kifaa chenyewe hakizidi sana urefu wa kidole. Walakini jina lake limewasumbua watu wengi. Wako wanaokiita plagi ya kuwashia, wako wanaokiita plagi ya moto, na katika gereji utawasikia mafundi wakisema hita, au plagi za hita, kisha wakaendelea na kazi yao. Katika makala haya twakusudia kuonyesha kwamba majina hayo hayalingani kwa usahihi, na kwamba si rahisi kuchagua lililo bora pasipo kujua kwanza kifaa hicho kilizaliwa kwa haja gani.

Jambo hili si anasa ya wanaistilahi. Tuliwahi kukabidhiwa tafsiri ya kijitabu cha dereva ili tuihariri, na ndani yake tukakuta maelekezo haya: "Plagi za kuwashia zikiwaka, washa injini." Asomaye sentensi hiyo hajui afanye nini. Je, apige stata mara taa iliyo mbele yake inapowaka, au aingoje izimike? Kijitabu cha asili kilimwambia aingoje izimike. Mfasiri hakukosea sarufi. Alichokosa ni dhana. Kwa sababu ya kosa hilo, dereva aliye Njombe au Limuru asubuhi ya baridi atazungusha injini ambayo bado haijawa tayari, itatoa moshi mweupe wa mafuta yasiyoungua, betri itadhoofika, na mwisho atawaomba wapita njia wamsukume.

Chanzo cha utata huo ni kitenzi chetu wenyewe. Kiswahili husema kuwasha moto, kuwasha taa, na kuwasha gari. Kitenzi kimoja kinabeba mambo matatu, na katika mazungumzo ya kila siku hakuna anayepotea. Lakini katika injini ya dizeli mambo hayo matatu hutengana, na historia ya kifaa hiki ni historia ya kutengana huko.

Moto Usio na Cheche

Tuanze na injini ya petroli, kwa kuwa ndiyo iliyotupa neno plagi katika lugha ya gereji. Ndani ya silinda, hewa iliyochanganyika na petroli hubanwa na pistoni; kisha plagi hutoa cheche kwa wakati uliopangwa, na mchanganyiko ukaungua. Cheche ndiyo amri. Ikikosekana, injini haiendi. Plagi hiyo hufanya kazi wakati wote injini inapozunguka, mamia ya mara kwa dakika, na kwa hiyo kuiita plagi ya cheche, au hata plagi ya kuwashia, si kosa hata kidogo.

Rudolf Diesel alitaka jambo jingine. Mtu huyu alizaliwa Paris mwaka 1858, wazazi wake wakiwa watu wa Bavaria, akasoma Munich chini ya Carl von Linde, bingwa wa mitambo ya kutia ubaridi. Mwaka 1892 aliomba hataza ya injini ambayo ndani yake hewa peke yake ingebanwa kwa nguvu nyingi hata ipate joto la kuyaunguza mafuta yatakayoingizwa baadaye. Mwaka 1893 alichapisha kitabu cha nadharia yake, akaanza majaribio katika kiwanda cha mitambo cha Augsburg. Majaribio yalikuwa magumu na ya kukatisha tamaa; lakini mnamo Februari 1897 Profesa Moritz Schröter aliipima injini iliyokamilika, akaona kwamba iligeuza kiasi cha asilimia 26 ya joto la mafuta kuwa kazi. Injini za mvuke za siku zile hazikukaribia kiasi hicho.

Kanuni yenyewe haina mwujiza. Kila aliyewahi kujaza upepo katika gurudumu la baiskeli anajua kwamba mwisho wa pampu hupata joto. Hewa inapobanwa kwa ghafla haipati nafasi ya kulitoa joto lake nje, basi joto hupanda. Katika injini ya petroli ya kawaida mchanganyiko hubanwa mpaka kiasi cha sehemu moja ya nane au ya kumi ya ujazo wake wa kwanza. Katika injini za dizeli za zamani za motokaa hewa ilibanwa mpaka sehemu moja ya ishirini, na pengine zaidi. Hapo joto la hewa, injini ikiwa imekwisha kupata moto, hupita nyuzi 500 za Selsiasi, hali mafuta ya dizeli hushika moto yenyewe katika joto la kati ya nyuzi 200 na 300. Mafuta yakinyunyizwa ndani ya hewa hiyo huungua bila cheche, bila kiberiti, bila plagi yoyote.

Ndiyo maana twasema kwamba jina la Diesel, ambalo sisi tumelifanya jina la injini na tena jina la mafuta, ni jina la injini isiyowashwa na kitu cha nje. Kuiwekea injini ya namna hii plagi ya kuwashia ni kuikana asili yake.

Taa ya Nje Kabla ya Plagi ya Ndani

Hata hivyo, haja ya kupasha joto kabla ya kuanza ni ya zamani kuliko injini ya Diesel mwenyewe. Mwaka 1890 Mwingereza Herbert Akroyd Stuart alipata hataza ya injini ya mafuta mazito, ambayo baadaye iliundwa na kampuni ya Hornsby ya mji wa Grantham. Injini hiyo haikubana hewa kwa nguvu kama ile ya Diesel. Badala yake ilikuwa na tunguu la chuma nyuma ya silinda, nalo lilipaswa kuwa na moto sana. Kabla ya kuianzisha, mwendeshaji aliliwekea tunguu hilo taa ya pampu, jamaa ya majiko ya mafuta ya taa yanayopigwa pampu, akangoja dakika kadhaa mpaka chuma kipate moto wa kutosha. Ndipo alipolizungusha gurudumu kubwa kwa mkono. Injini ikisha kushika mwendo, taa iliondolewa, kwa kuwa mwako wa ndani ulitosha kulidumisha joto la tunguu.

Twaomba msomaji auangalie vema utaratibu huu: kwanza kupasha, kisha kuzungusha, ndipo injini iwake, na halafu kipashio kiondoke. Ni utaratibu ule ule anaoufuata leo dereva wa gari la dizeli, isipokuwa taa ya pampu imegeuka kuwa waya wa umeme, na dakika kadhaa zimekuwa sekunde chache.

Chumba Kidogo na Baridi Yake

Injini ya Diesel ya mwaka 1897 haikuweza kutiwa katika motokaa. Mafuta yalisukumwa ndani ya silinda kwa hewa iliyobanwa, na kwa kazi hiyo ilitakiwa mashine nyingine kubwa ya kubana hewa. Iliifaa mitambo ya viwandani, na baadaye meli. Diesel alipotea baharini mwaka 1913, akisafiri kwenda Uingereza, kabla injini yake haijazoea barabara.

Aliyeipunguza uzito wake alikuwa Prosper L'Orange, mhandisi wa kampuni ya Benz mjini Mannheim. Mwaka 1909 alipata hataza ya kukigawa chumba cha mwako mara mbili. Mafuta hayakupelekwa moja kwa moja juu ya pistoni, bali katika chumba kidogo kilichotangulia. Humo sehemu yake iliungua, na nguvu ya mwako huo ikayasukuma yaliyobaki, kwa njia nyembamba, mpaka katika chumba kikubwa. Mashine ya kubana hewa haikuhitajika tena, na mwako ukawa mpole zaidi. Mwaka 1923 Benz walilijaribu barabarani lori lililotumia njia hiyo. Baadaye Mwingereza Harry Ricardo alitengeneza chumba cha namna nyingine, cha kuizungusha hewa kama kimbunga, nacho kikatumika katika mabasi ya London tangu mwanzo wa miaka ya 1930.

Lakini kila dawa ina uchungu wake. Chumba kidogo kina kuta nyingi kulingana na ujazo wake, na kuta hizo, injini ikiwa imelala usiku kucha, huwa baridi. Hewa inapobanwa na kusukumwa ndani yake hunyang'anywa joto na chuma kabla mafuta hayajafika. Tena asubuhi oili ni nzito, betri ni dhaifu, na injini huzunguka polepole; na kadiri inavyozunguka polepole ndivyo hewa inavyopata muda wa kupoteza joto na kuvuja kando ya pistoni. Hivyo ile kanuni ya Diesel, iliyo kweli katika injini yenye moto, hushindwa katika injini baridi. Haikosi cheche, maana haikuwahi kuwa nayo. Inakosa joto.

Basi wahandisi wakatoboa tundu katika kila chumba kidogo, wakatia humo kifaa cha kukipasha. Hicho ndicho kifaa tunachokitafutia jina. Mercedes-Benz 260 D, iliyoonyeshwa Berlin mwaka 1936 na kuhesabiwa miongoni mwa motokaa za kwanza za dizeli zilizoundwa kwa wingi, ilikuwa nacho. Land Rover za dizeli, zilizoanza kuundwa mwaka 1957 na ambazo idara nyingi za Afrika Mashariki zilizifahamu, zilikuwa nacho, na Peugeot 504 za dizeli za miaka ya 1970 kadhalika.

Hapa yafaa tuwatahadharishe wafasiri. Injini nyingi za malori makubwa na za matrekta hunyunyiza mafuta moja kwa moja juu ya pistoni, pasipo chumba kidogo. Hizo hupoteza joto kidogo zaidi, na aghalabu hazina plagi hizi. Baadhi yake hupashiwa hewa katika njia ya kuingilia. Mfasiri asidhani kwamba kila chombo cha dizeli kina plagi, akaandika maelekezo ya kitu kisichokuwapo.

Kutoka Waya Ulio Wazi Hadi Kalamu

Plagi za kwanza zilikuwa waya mnene uliosokotwa kama kizibuo, ukiwa wazi ndani ya chumba. Umeme wa betri ulipopita, waya ulipata moto mpaka ukawa mwekundu. Plagi hizo ziliungwa kwa mfululizo, yaani umeme uliotoka katika ya kwanza uliingia katika ya pili, na kuendelea. Madhara yake yalikuwa makubwa: waya wa plagi moja ukikatika, zote zilikufa pamoja. Katika magari mengine uliwekwa waya wa namna hiyo hiyo mbele ya dereva, nyuma ya kifuniko chenye matundu, ili auone ukiiva na kujua kwamba wenzake walio ndani ya injini wameiva pia. Kungoja huko kuliweza kufika nusu dakika, na katika baridi kali dakika nzima. Wajerumani wakafanya mzaha kwamba ni dakika ya kumkumbuka marehemu Rudolf Diesel.

Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 plagi zenye umbo la kalamu zilikuwa zikichukua mahali pa hizo. Katika kalamu, waya umefichwa ndani ya bomba jembamba la chuma, umezungukwa na unga mweupe wa magnesi uitwao oksidi, unaopitisha joto lakini haupitishi umeme. Plagi za kalamu ziliungwa sambamba, kama taa za nyumbani, kila moja ikipata umeme wake. Moja ikifa, nyingine huendelea, ingawa injini itatetemeka na kutoa moshi mpaka silinda ile ipate moto. Baadaye ndani ya bomba moja zikawekwa nyaya mbili: ya kwanza hupasha, na ya pili, ambayo ukinzani wake huongezeka kadiri joto linavyopanda, hupunguza umeme ili ncha isiyeyuke. Tangu miaka ya 1980 zimetengenezwa pia plagi zenye ncha ya kauri. Ncha ya plagi ya chuma hufika nyuzi 850 hadi 1,000, na ya kauri huweza kupita hapo. Muda wa kungoja umeshuka mpaka sekunde chache, na katika magari ya leo dereva huenda asitambue kwamba amengojeshwa. Katika magari hayo plagi huendelea kupasha kwa muda hata baada ya injini kuwaka, ili kupunguza moshi na mgongano wa sauti.

Mtu aweza kutupinga hapa, akasema: wakati wa baridi, si kweli kwamba mafuta hugusa ncha hiyo nyekundu yakashika moto papo hapo? Basi kwa nini isiitwe plagi ya kuwashia? Twakubali kwamba moto wa kwanza wa asubuhi aghalabu huanzia karibu na ncha. Lakini ncha haitoi cheche, haiamui wakati wa mwako, wala injini haiitegemei ikisha kupata moto. Wakati wa mwako huamuliwa na pampu inayopeleka mafuta. Plagi huandaa mahali, haitoi amri.

Jina na Kazi

Tutazame mataifa mengine yaliitaje. Waingereza walikichukua kifaa kwa sura yake: ni kizibo, kwa kuwa kinaziba tundu la chuma, nao wakakiongezea neno la kung'aa au la kupasha. Wajerumani walitazama moto, wakauita mshumaa wenye kuiva kwa moto, wakiutofautisha na mshumaa wa kuwasha, ambao ni plagi ya cheche. Wafaransa vilevile wana mshumaa, lakini wakasema ni wa kupashia kabla. Neno lao la mshumaa limetokana na mji wa Béjaïa ulioko Algeria, uliokuwa ukiwauzia nta, na wasemaji wa Kiswahili wa mashariki ya Kongo, waliokutana na ufundi kwa njia ya Kifaransa, wamelifanya buji. Hata katika Kiarabu sanifu plagi ya cheche huitwa kwa neno la mshumaa, lile lile lililotupa sisi mshumaa.

Twaona, basi, kwamba hakuna jina lililoshuka kutoka mbinguni. Kila taifa lilichagua upande mmoja wa kitu. Nasi tuna haki ya kuchagua, ila tuchague upande unaomsaidia mtumiaji.

Neno plagi limekwisha kuzoeleka, wala hatuoni faida ya kulifukuza. Taabu yake ni kwamba lina wana wengi: plagi ya umeme ya ukutani, plagi ya cheche, na hii. Kwa hiyo haliwezi kusimama peke yake. Tukiongeza la kung'aa, kwa kufuata Kiingereza neno kwa neno, tutasema habari ya mwanga ambao dereva wa leo hauoni. Tukiongeza la kuwashia, tutarudi katika utata wa kijitabu tulichokitaja. Kilichobaki ni kazi yenyewe, na kazi hiyo ina kitenzi cha Kiswahili safi: kupasha. Mama hupasha chakula kilichopoa; mchezaji hupasha viungo kabla ya mchezo. Katika matumizi yote mawili kupasha ni kuandaa, si kuanza. Hakuna mchezaji anayedhani kwamba kupasha viungo ndiyo mechi.

Fundi anayesema hita amekwisha kuikamata dhana hiyo, japokuwa kwa neno la kukopa. Kwa hiyo hatumlaumu, twamshika mkono. Twapendekeza istilahi zifuatazo zijadiliwe:

Plagi ya cheche: plagi ya injini ya petroli, itoayo cheche ya kuunguza mchanganyiko wa hewa na petroli.

Plagi ya kupashia: plagi ya injini ya dizeli, ipashayo chumba cha mwako kwa umeme kabla ya injini kuwaka, na pengine kwa muda baada ya kuwaka. Katika mazungumzo ya gereji: plagi ya hita.

Taa ya kupashia: taa iliyo mbele ya dereva, yenye mchoro wa waya uliosokotwa, inayomjulisha kwamba kupasha kunaendelea.

Chumba kitangulizi: chumba kidogo ambamo mafuta huanza kuungua kabla ya kufika katika chumba kikuu.

Kupiga stata: kuizungusha injini kwa mota ya umeme, iwe itawaka au haitawaka.

Kuwaka, kwa injini: kushika mwendo kwa nguvu ya mwako wake yenyewe.

Kwa istilahi hizo, sentensi ya kijitabu itasomeka hivi: "Fungua swichi, taa ya kupashia itawaka. Ngoja mpaka izimike, ndipo upige stata." Maneno yameongezeka kidogo, lakini shaka imeondoka.

Faida nyingine ni ya usalama. Wako madereva ambao, injini ikigoma, hupuliza etha kutoka kopo katika njia ya hewa. Etha hushika moto katika joto dogo kuliko dizeli. Ikiingia ndani ya silinda ambamo ncha imekwisha kuiva, huweza kulipuka pistoni ikiwa bado inapanda, ikavunja pistoni au kupinda mkono wake, au moto ukarudi nje usoni pa mtu. Vitabu vingi vya magari yenye plagi hizi hukataza jambo hilo. Dereva aliyefundishwa kwamba ndani mna plagi ya kuwashia atadhani kwamba etha ni msaada tu kwa moto dhaifu. Aliyefundishwa kwamba ndani mna ncha iliyopashwa mpaka nyuzi 900 atalirudisha kopo mahali pake.

Hitimisho

Tumeona kwamba injini ya Diesel ilizaliwa bila plagi, kwamba chumba kidogo cha L'Orange ndicho kilicholeta baridi, na kwamba baridi ndiyo iliyoleta plagi. Jina linalosahau mfuatano huo humfundisha msomaji kinyume cha mambo. Mwalimu wa chuo cha ufundi akiwa na maneno mawili yaliyotengana, kuwasha na kupasha, anaweza kuzieleza injini zote mbili ubaoni kwa somo moja. Akiwa na neno moja tu, itambidi kila mara aeleze kwamba kuwasha huku si kule. Wasomaji wetu walio katika gereji, madarasa na ofisi za serikali twawaomba wayapime maneno haya katika kazi zao, watuletee yaliyo bora kama wanayo, na wasisite kutuonyesha pale tulipokosea.